Tatu ya Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wenye njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, kuni zimeshika. Ngano hii hakuna anayeijua kunishinda, na hesabu iliyomo naiweza, ingawa shule niliipitia dirishani.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, alikuwapo Nguchiro. Nguchiro alijua hesabu moja. Moja tu, lakini aliivaa kama kilemba.

Siku moja akamkuta Kobe njiani. Akamwambia, "Mzee Kobe, fikiria namba, usinitajie. Iongeze nyingine kama hiyo. Tia sita. Gawa nusu, nusu itupe. Sasa toa ile uliyoanza nayo."

Kobe akafumba macho, akahesabu kwa kucha mpaka jasho likamtoka.

"Umebaki na tatu," akasema Nguchiro. "Au naongopa?"

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Alidhani ameonwa moyo.

Mashavu, mbona unahesabu vidole? Nawe umepata tatu? Nyamaza basi, usiwaharibie wenzio.

Akaja Nungunungu, mbishi yule. Akasema atachagua namba kubwa kuliko miiba ya mgongoni mwake, tuone. Akaongeza, akatia, akagawa, akatoa.

"Umebaki na tatu. Au naongopa?"

Nungunungu akalaza miiba yote.

Basi Nguchiro akaitwa Mwonamioyo. Akapewa kivuli kizuri, akaacha hata kujichimbia wadudu, analetewa. Hakuna aliyegundua kwamba uanze na namba yoyote, utaishia tatu, maana tatu ni nusu ya ile sita aliyokutilia mwenyewe.

Kisha nyika ikashika moto.

Kanga akatoka mbio na vifaranga wake. Wengine walimfuata, wengine walipotea katika moshi. Wangapi? Hakujua. Kwa akina Kanga kuhesabu watoto ni mwiko. Kila kifaranga akianguliwa, mama hutia punje moja ya mtama kibuyuni. Akitaka kujua kama wote wapo, humimina punje, kila mtoto akaokota moja.

Kanga akafungua kibuyu. Wanyama wote walikuwa pale, wote wakamgeukia Mwonamioyo. Nguchiro akaona aibu kusema hajui.

"Punje za nini, mama?" akasema. "Mimi naona. Waliobaki motoni ni watatu."

Ndiyo namba pekee aliyokuwa nayo.

Kanga akaamini. Akaingia moshini, akamtoa wa kwanza. Akarudi, akamtoa wa pili. Akarudi, akamtoa wa tatu. Akamshukuru Nguchiro, akamwita mwanangu. Halafu, ili kuwatuliza watoto, akamimina punje. Kila mmoja akaokota yake.

Punje moja ikabaki chini.

Kanga hakupiga kelele. Akaitazama ile punje, akamtazama Nguchiro.

"Mwonamioyo, hii ni ya nani?"

Nguchiro akainamisha kichwa. Kwa sauti ndogo akasema hajui, na hajapata kuona moyo wa yeyote. Kisha akageuka, akakimbilia motoni.

Alikufa? Ngoja, Kheri, usimzike mtu nami bado nasimulia. Alitoka akikohoa, kifaranga kamshika mdomoni. Alikuwa hai, bawa moja limeungua. Kanga akampokea mwanawe, akampa punje yake. Nguchiro hakutukanwa wala hakudonolewa. Angedonolewa, ingemuuma kidogo ikapoa. Wote walimgeuzia mgongo, wakaenda zao.

Ndiyo maana hata leo nguchiro ana manyoya kama yaliyomwagiwa majivu. Akiwaona watu huinuka, akachungulia, halafu akatumbukia shimoni. Si woga ule, wanangu. Ni haya.

Basi usilolijua, sema sijui. Sijui haijaunguza bawa la mtoto wa mtu.

Hadithi yangu imeishia hapo, naifukia katika majivu haya. Atakayeifukua, aitoe na funzo lake.