Moto wa Pasi ya Ambakisye

"Uhamishapo moto, hamisha na mlinzi wake." Mmeisikia leo, mlipomchagua Lugano awe msimamizi wa kikundi chenu na kumfutia masharti yote ya kukaguliwa, bibi mmoja akaitamka huku akiondoka. Mkacheka. Chekeni tu, meno bado mnayo. Methali hii ilianza hivi.

Mwaka huo kideri kilipita katika vilima vya Rungwe bila kubisha hodi. Kuku walilala wazima, wakaamka miguu juu. Kijiji kizima alibaki tetea mmoja, wa Subilaga mke wa Ambakisye, naye alikuwa akiatamia. Watu walikuja kumjulia hali kama mgonjwa wa hospitali. Subilaga aliahidi kila nyumba kifaranga, ili kijiji kianze upya.

Tetea naye akafa, mayai yakiwa karibu kuanguliwa. Subilaga akayafunga kifuani kwa kitenge, maana baridi ya Julai kule ina meno.

Mumewe alikuwa na mikono ya ufundi. Akatwaa pasi ya umeme iliyovunjika mpini, akachomoa koili yake, ule waya unaotoa joto, akaizika kwenye beseni la mchanga na kuiunga na umeme. Juu yake angeweka kapu la mayai. Kikabaki kidude kidogo, kile kinachokata umeme joto likizidi.

"Na hiki?" Subilaga akauliza.

"Hicho ndicho kilichokuwa kinatuchelewesha kunyoosha nguo. Joto likikolea tu, kinakata. Mchawi mkubwa huyo!" Akakitupa migombani.

"Baba Lusajo, hata kuku huinuka kidogo akiona joto limezidi."

"Basi kaatamie wewe, mama kuku."

Subilaga akacheka, kwa sababu alikuwa amechoka. Akagusa mchanga: joto zuri, kama la kwapani. Akayatoa mayai kifuani moja moja, akayalaza kapuni.

Mara wakaitwa msibani ng'ambo ya mto. Wakafunga mlango, wakaenda, koili ikiwaka.

Waliporudi, harufu iliwapokea uani.

"Nani anachemsha mayai?" Ambakisye akauliza. Akalijua jibu kabla hajafunga mdomo.

Subilaga akapasua yai moja. Ndani mlikuwa na kifaranga kamili, manyoya yamemganda mwilini, mdomo ameuelekeza kwenye ganda kama aliyekuwa akitafuta mlango. Hakupasua jingine.

"Moto ulikuwa mzuri," Ambakisye akasema. "Wewe mwenyewe uliugusa."

"Ulikuwa mzuri. Ila uliuleta peke yake. Uhamishapo moto, hamisha na mlinzi wake."

Hakumfokea. Alijitanda kanga, akaenda nyumba kwa nyumba kwa wale aliowaahidi, akawaambia maneno yale yale, maana hakuwa na mengine. Ndivyo yalivyoenea. Wengine walimpa pole, wengine walifunga mlango taratibu. Mwaka ule wote kijiji hakikuwikiwa na jogoo. Kulipambazuka kimya, kama nyumba yenye msiba.

Lugano wenu ni kijana mzuri, sikatai, na kazi anaipenda. Hata koili ile haikuwa na kosa. Nanyi mmeshafunga mlango, mnakwenda zenu. Bibi yule aliyewaambia alikuwa miongoni mwa walioahidiwa kifaranga: uhamishapo moto, hamisha na mlinzi wake.