Bunduki ya Maziko na Mkeka Mtupu

Hapo zamani, katika nchi ya Kisigire, liliitishwa baraza, na waliokaa mbele ni hawa. Alikuwapo Mheshimiwa Pelagia Mwandota, mbunge. Alikuwapo Mzee Sefania Kilembo, msemaji wa wazee. Alikuwapo Lazaro, mwana wa marehemu Habakuki Msangira. Nasema Habakuki Msangira seremala, si Habakuki wa mashine ya kusaga, kwa kuwa huyo alikuwa hai na amekaa nyuma akitafuna muwa. Alikuwapo Anania Mdabwa, mjomba wake Lazaro. Na watu wa Kisigire walikuwapo, wengi.

Debora Nyakaho hakuwapo. Alikuwa zahanati, kando ya kitanda cha binti yake Yunia, aliyepigwa risasi kifuani siku ya maziko ya Habakuki.

Katika nchi ile, mtu akimjeruhi mwenzake, hata bila kukusudia, huenda kukaa chini kwenye mkeka mlangoni mwa majeruhi. Humchotea maji na kumfulia nguo zenye damu. Harudi kulala nyumbani kwake mpaka majeruhi ainuke au afe. Debora alikwisha kutandika mkeka mlangoni mwa wodi, na mkeka ulikuwa mtupu. Baraza liliitwa kwa neno hilo moja: nani aende akakae?

Sikilizeni jinsi ilivyokuwa. Zamani kila nyumba ya Kisigire ilikuwa na bunduki, na watu waliuana kwa mbuzi, kwa mpaka wa shamba, kwa neno lililosemwa kilabuni. Pelagia akapeleka muswada Bungeni, bunduki zote ziwekwe ghala la polisi. Wabunge wakacheka. Mmoja akamwuliza kama atakusanya na visu vya jikoni. Muswada ukaanguka. Pelagia akarudi nyumbani, akamzika jirani yake, akaenda tena. Ukaanguka. Akarudi, akamzika mwalimu wa shule, akaenda tena.

Safari hii Mzee Sefania alimwita. Akamwambia kwamba wabunge wa upande ule humsikiliza yeye, na kura atazipata, ila awaachie wazee bunduki moja tu, ya maziko. Maana mwanamume wa Kisigire hazikwi kimya. Mrithi wake hufunikwa uso kwa shuka ya marehemu, hupewa bunduki, na bunduki hulia mara moja juu ya kaburi. Kwa kuwa mrithi haoni, mjomba wake husimama nyuma na kushika mtutu, auelekeze mbinguni.

Pelagia alikubali. Lakini aliogopa bunduki ile isije ikapita mkono kwa mkono mpaka ikapotea. Akaandika kifungu: bunduki ya maziko isiguswe na mtu yeyote ila mrithi. Habari ya shuka aliijua. Habari ya mkono wa mjomba hakuiuliza, na Mzee Sefania, aliyesomewa kifungu kile kabla ya kura, hakuisema.

Sheria ikapita. Bunduki zikaenda ghalani. Msimu mzima wa mavuno watu walikunywa, wakatukanana, wakapigana ngumi, wakaamka asubuhi wote.

Ndipo Habakuki Msangira akafa kwa homa. Lazaro akafunikwa uso. Mjomba Anania akanyoosha mkono kushika mtutu, na polisi aliyeileta bunduki akamkumbusha kifungu. Anania akaurudisha mkono wake. Bunduki ikalia. Yunia alikuwa amesimama upande wa wanawake.

Sasa barazani. Lazaro aliinuka kwanza.

"Mkeka ule si wangu," alisema. "Nilikuwa gizani ndani ya shuka ya baba yangu. Sijawahi kushika bunduki maishani, kwa kuwa mliziondoa. Nilidhani mjomba yuko nyuma yangu."

Mjomba Anania akainuka. "Mkeka ule si wangu. Mkono wangu ulikuwa tayari. Sheria iliukataza, nami nimetii sheria. Mlitaka nifungwe siku ya kumzika shemeji yangu?"

"Ungefungwa, mjomba," Lazaro alimjibu. "Ningekuletea uji kila siku."

Watu walicheka, kisha wakaona haya.

Mzee Sefania akainuka. "Mkeka ule si wangu. Mimi niliomba bunduki, sikuomba kifungu. Tena bila kura zangu mngekuwa bado mnazikana kila wiki. Hesabuni walio hai kwa sababu yangu, kisha mnitume nikakae chini kama mwizi."

Habakuki wa mashine ya kusaga akatema kapi la muwa. Akasema kwamba Mzee alipenda desturi nusu yake, nusu iliyompa heshima, na ile nusu ya kulinda watu akaisahau mdomoni.

Pelagia akainuka, na yeye hakusema kama wenzake. "Kifungu nilikiandika mimi," alisema. "Naenda."

Alikuwa amekwisha kuvua viatu. Lakini Mzee Sefania akamzuia kwa sauti ndogo. "Kaa, binti yangu. Mbunge akikaa kwenye mkeka ule, Kisigire nzima itasema sheria ndiyo iliyompiga mtoto. Kesho watavunja mlango wa ghala."

Na nyuma kweli walikuwapo waliokwisha kuanza. Walikuwa wakisema kwamba sheria ya mwanamke huyu imempiga mtoto risasi, na kila mtu arudishiwe bunduki yake. Pelagia aliwatazama mmoja mmoja. Wengi wao alikuwa amewazikia ndugu. Akasimama na viatu mkononi, kisha akakaa tena palepale kwenye kiti.

Basi wanne wale walibaki wamekaa, kila mmoja na neno lake, na lolote walilosema lilikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli wote ule haukumchotea Yunia kikombe kimoja cha maji. Mimi nisimuliaye nimewakasirikia wote wanne, na hasira haijanionyesha ni yupi.

Jua lilipokuwa linashuka, Debora Nyakaho akaja barazani. Hakumsalimu mtu. Alikuwa ameukunja mkeka, ameushika kwapani. Akauweka chini mbele ya viti vinne, akaondoka.

Ninyi mnaonisikiliza, mmewasikia. Aliyefyatua bila kuona. Aliyeurudisha mkono wake. Aliyenyamaza. Aliyeandika, akataka kwenda, asiende. Je, nani alistahili kukaa kwenye mkeka ule?

Mtakapojibu, msiseme bado kuna nafasi ya kwenda. Yunia binti Debora Nyakaho alikufa alasiri ile, baraza likiendelea.