Mafahali Wawili na Kupe wa Nyuma ya Sikio

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa zizi!
Na zizini?
Fahali!
Wangapi?
Mmoja!
Basi kaeni vizuri, maana wa pili yuko njiani.

Hapo zamani za kale, wanyama wakisema na watu wakinyamaza, palikuwa na fahali aitwaye Tambo. Nundu kama kichuguu, sauti ya kutikisa vibuyu. Lakini jamani, nyuma ya sikio alikuwa na kupe. Mnene huyo! Ulimi haufiki, mkia haufiki, kwato ndiyo kabisa. Na kuomba msaada? Dume zima? Thubutu! Akawa anaumia kimya kimya.

Siku moja zizi la jirani likaanguka, akaletwa fahali wa pili, Kishindo. Beberu mwenye ndevu, msimamizi wa udume wa zizi zima, kazi ambayo hakupewa na mtu, akapanda juu ya jiwe.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja! Mtapigana jioni tatu. Atakayeshindwa atalala nje, na fisi."

Tambo akaogopa, akajikunyata kando ya banda. Alipoulizwa, akasema ni baridi.

Jioni ya kwanza wakaingia nyuma ya banda. Pembe zikakutana, kwaa! Kishindo akanong'ona, "Kaka, una kupe hapo. Nikutolee?"

"Nitolee, lakini niache nigune kama napigwa."

Kishindo akalamba, akalamba, akalamba. "Mmmuuu!" akaguna Tambo kwa raha.

Mbuzi huko nje wakashangilia: "Huyo! Anavunjwa!"

Jioni ya pili zamu ikawa ya Tambo kumlamba mwenzake nundu. "Mmmuuu!"

"Huyo! Anavunjwa!"

Jioni ya tatu, alipokuwa akilambwa shingo, Tambo akaanza kulia.

"Nimekuumiza, kaka?"

"Hapana. Tangu niachishwe ziwa, hakuna aliyenigusa ila kwa fimbo."

Kishindo akamwekea kidevu begani. Wakakaa hivyo, wala hawakuguna.

Kimya kile kikamtia Beberu wasiwasi, akaja kuchungulia. "Meee! Aibu! Madume yanalambana! Na moja linalia! Piganeni kweli sasa hivi, ama mmoja atoke!"

Zizi zima likaja mbio. Tambo akatazama lango. Akatazama kichaka cha fisi. Akamtazama rafiki yake, na moyo ukamjaa.

"Tukitoka, tunatoka wawili," akasema. "Hiyo methali yako, aliyeitunga alimuuliza fahali gani? Nimelia, ndiyo. Fisi namwogopa, ndiyo. Lakini kupe wangu ametoka, na rafiki ninaye. Wewe je?"

"Mimi dume!" akasema Beberu. Kidevu kikamwasha. Akakisugua kwenye jiwe, wapi! Akakisugua kwenye nguzo, wapi! Akakisugua kwenye lango, wapi! Ndevu zote kupe watupu. Akasogea pole pole hadi kwa wale wawili, akainua kidevu.

"Haya, kaeni. Lakini mimi nilambeni kwa ukali, watu wasikie."

Ngano nimeifunga hapa. Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda aiache ilale. Tumejifunza nini? Kila dume lina mahali lisipojifikia, na rafiki ndiye anayefika.

Sasa, nani atanikuna mgongo? Juu kidogo. Hapo hapo.