Chatu wa Lushinge

"Ajifichaye hajakukataa."

Bibi Nshoma alilisema neno hilo jikoni, huku akimenya karanga, baada ya wajukuu zake kuja kumshtaki mgeni wao. Yunge, binti wa marehemu shangazi yao, alikuwa ameletwa siku nne zilizopita, na tangu hapo amejifungia chumba cha ndani. Akiitwa kucheza haitiki. Sasa walitaka wakamtoe kwa mkono.

"Neno hilo limetoka wapi, bibi?" aliuliza Sayi, mkubwa wao.

"Lina mwenyewe. Kaeni niwaambie, na mikono yenu imenye."

Methali hii ilianzia nyumbani kwa Lushinge, mzee wa hapa hapa Usukuma, aliyecheza ngoma za nyoka mpaka magoti yakamgomea. Mkewe alikuwa amefariki, na wanawe walihamia machimboni. Kwa mazoea alisonga ugali wa watu wawili, kisha akautazama uliobaki mpaka ukapoa. Upweke ulimtafuna mzee yule, na hakuwa na wa kumwambia.

Ndipo akamwendea Kabula, mama aliyetunza nyoka wa chama chao cha ngoma, akaomba apewe mmoja wa kulea. Kabula akamletea chatu mchanga wa urefu wa pima moja, pamoja na chungu kilichomeguka mdomoni, maana kwa desturi ya chama chatu hahami bila chungu chake.

"Kifudikize kibandani atakamokaa, aingilie penye pengo," akamwagiza. "Mwezi ukiandama hajala, namchukua. Siwezi kumwacha afie kwako."

Lushinge alijituma kweli kweli. Alikandika matundu ya kibanda, akamwaga mchanga wa mtoni, akalaza gogo la kupandia, akaweka beseni la maji pale jua la asubuhi linapofika. Tatizo likawa chungu. Chatu alikiingia siku ile ile, asionekane hadi jioni, na Lushinge hakuomba chatu ili atazame chungu. Akakitoa nje. Kuku wakapata pa kunywea maji.

Tangu hapo akamwona vizuri. Akampa jina la Minza. Akamvaa shingoni kama enzi za ngoma, akamsimulia habari za marehemu, akamtembelea asubuhi, mchana na jioni. Minza akajibana pembeni, amejikunja, kichwa kakificha katikati. Panya wa kwanza hakuguswa. Wa pili hakuguswa, wala wa tatu.

"Hata wewe hunitaki?" Lushinge alimwuliza siku moja, na machozi yakamtoka, mtu mzima na mvi zake.

Mwezi ulipoandama, Kabula akaja. Kabla hajafika kibandani aliwaona kuku.

"Lushinge, hicho si chungu cha chatu?"

"Ndicho, mayu, mama yangu. Alikuwa anajificha humo."

"Ndiyo maana ukamnyang'anya?"

"Nilitaka kumwona. Sina mwingine wa kumtazama."

Kabula alimwelewa. Naye alikuwa mjane, alijua lile neno limetoka wapi.

"Umempa maji, umempa mchanga," akasema. "Umemnyima pa kutulizia hofu yake. Ajifichaye hajakukataa, baba, bado anakuogopa tu. Nakuongezea siku saba. Mrudishie chungu, mwekee panya, ufunge mlango. Usichungulie."

"Siku saba! Nitakaa na nani?"

"Peke yako, kama kawaida. Ila safari hii kwa faida yake."

Siku ya kwanza Lushinge aliufikia mlango mara tatu, akarudi mara tatu. Siku zilizofuata alikaa nje akiwa ameegemea ukuta wa kibanda, akisikiliza, asisikie kitu. Hakuwahi kuwa mpweke kama wiki ile.

Siku ya saba akafungua. Panya hayupo. Akaketi juu ya gogo, asitikisike. Jua lilipopoa, kichwa kikachomoza penye pengo la mdomo wa chungu, ulimi ukionja hewa. Minza akatoka polepole, akapita juu ya mguu wake kwenda kunywa maji, bila haraka, kama apitavyo mtu wa nyumbani. Kisha akarudi chunguni mwake. Lushinge hakumgusa. Alilia tena, ila kilio kile hakikufanana na cha kwanza, na jioni ile ugali wake aliumaliza.

Bibi Nshoma akakung'uta maganda. Sayi alikuwa anautazama mlango wa chumba cha ndani. Akachota karanga kwa bakuli, akaenda kuliweka pale chini mlangoni.

"Yunge, tumekuwekea karanga hapa," akasema. "Sisi tupo uani."

Wajukuu wakatoka wote, bibi akabaki jikoni. Muda ukapita. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita, bakuli likaingia ndani, mlango ukarudi.

Bibi hakugeuka kutazama. Aliendelea kumenya.

"Ajifichaye hajakukataa," akasema peke yake.