Nani Apande na Bi Aikande?

Watu wanne na mlima mmoja, hiyo ndiyo hadithi yangu ya leo, na kati yao wote mlima peke yake ndio haukubishana na mtu. Kaeni vizuri. Yule mwenye tabia ya kutoa hukumu kabla hajasikia kesi, leo namwomba asubiri.

Wa kwanza ni Bi Aikande, mjane wa Kirimeni, kijiji kilichojificha ndani ya migomba kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Kipaji chake kilikuwa ukaidi. Tangu utotoni, kila asubuhi akifungua mlango wa jiko alikiona kilele cha Kibo kimekaa pale pale na theluji yake, akakitazama, akaenda zake kukamua ng'ombe. Hakuwahi kuvuka msitu. Lakini kila msimu walipita wageni wakiteremka, pua zimebabuka kwa jua, na hakukosekana mmoja wa kusimama uani kwake kuomba maji na kuanza kumsimulia kulivyo huko juu. Mtu ametua nchini wiki iliyopita, leo anamsimulia Bi Aikande habari za mlima wa Bi Aikande! Jambo hilo lilimkera mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja akamkatiza mgeni katikati ya maneno.

"Mwambie anyamaze," alimwambia kiongozi wa wageni aliyekuwa akitafsiri. "Asinimalizie utamu. Nitakwenda kuona mwenyewe."

Kiongozi huyo alikuwa Anaeli, mtoto wa mdogo wake. Alicheka, kisha akaona mama yake mkubwa hacheki.

"Basi sikiliza, mama mkubwa," akasema. "Msimu ukiisha, ofisi yetu humpa kila kiongozi nafasi mbili za watu wake kupanda. Moja itakuwa yako. Ya pili ni ya mtu wa kukuangalia. Huko juu hewa ni nyepesi, kichwa kinaweza kumchezea mtu bila mwenyewe kujua, kwa hiyo nataka mtu anayekujua ukiwa mzima, ili ukibadilika aniambie. Ila kwanza ujiandae. Nitakupima kwa kukupeleka kituo cha kwanza, tukalale, turudi. Ukishindwa hapo, hakuna Kibo. Sitaki kubeba mama yangu mgongoni halafu nikaeleze ukoo mzima ilikuwaje."

Habari ya nafasi ya pili ilifika kijijini kabla Anaeli hajafika barabarani. Kuanzia hapo Bi Aikande hakupata raha tena nyumbani kwake.

Walijitokeza watatu kumwandaa. Mkunde, binti yake wa kwanza, alikuwa na kipaji cha kusukuma watu. Angeweza kumtoa konokono jasho. Kiwaria, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa fundi cherehani mwenye mikono isiyokosea. Na Mama Nsia, jirani wa ng'ambo ya mfereji, alikuwa na kipaji ambacho wengi walikiita kasoro: hakuwa na haraka kabisa. Kwake kwenda kanisani kulikuwa safari, na mahubiri aliyakuta katikati.

Mkunde alichukua kazi ya miguu. Zamani Bi Aikande alikuwa akikata majani ya ng'ombe huko chini na kupandisha mzigo kwa njia ya gari, taratibu, akisalimia watu. Mkunde aliifuta njia hiyo. Akamwonyesha mama yake njia ya korongoni, ile ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili, akasema mzigo utapita hapo kila siku, mvua na jua.

"Mkunde, hapa mtu anapanda kwa mikono!"

"Basi panda kwa mikono, Mama. Au uache. Ukiacha hakuna atakayekulaumu."

Neno hilo la kuacha lilirudi kila siku, likisindikizwa na mzigo mkubwa kuliko wa jana. Bi Aikande alipanda akihema, akimlaani binti aliyemzaa mwenyewe kwa uchungu, na kila Mkunde aliposema "au uache," yeye aliupandisha mzigo kichwani na kutangulia. Msimu ulipokaribia kwisha, alikuwa akilipanda lile korongo na bado ana nguvu za kugomba akifika juu.

Kiwaria alichukua mwili. Alikwenda mnadani, akapekua marundo ya mitumba, akarudi na mikoti ya nchi za baridi iliyotoboka, mablanketi, na mfuko wa kulalia uliokosa zipu. Akafumua vyote. Kisha ukaanza usumbufu wa vipimo. Bi Aikande akiwa anamenya ndizi, aitwe. Akiwa na wageni wa umoja wa wanawake, aitwe.

"Inua mkono, shemeji. Geuka. Chuchumaa. Umeona? Kiuno kimeachia, baridi itaingia hapa kama imekaribishwa."

"Shemeji, umenipima jana!"

"Jana hukuwa umekula."

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa suruali. Bi Aikande hakuwahi kuvaa suruali maishani na hakukusudia kuanza sasa, mbele ya mchungaji na malaika. Walinuniana, wakapatanishwa, wakanuniana tena, mpaka wakakubaliana suruali ivaliwe na kitenge kifungwe juu yake. Kiwaria akashona suruali yenye matabaka matatu. Akashona koti nene kama godoro na jepesi kama mto. Ni pale tu Bi Aikande alipopita kibarazani kwake bila kuitwa ndipo akaona koti la pili limening'inia nyuma ya cherehani, sawa na lake kwa kila mshono, ila ni la kiume na limeshakamilika. Akageuza, akaondoka kwa hasira.

Mama Nsia alichukua pumzi. Asubuhi na mapema alifika na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto yenye tangawizi, akasimama mlangoni mpaka Bi Aikande anywe kikombe, kisha kingine, kisha bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi, juu yake. Halafu wakaenda matembezini. Jamani, matembezi yale! Mama Nsia alinyanyua mguu, akaufikiria, akauweka chini. Na muda wote alisema. Alisimulia kesi ya mpaka ya kina fulani, harusi iliyovunjika, kuku wake aliyegoma kuatamia, na kila baada ya maneno mawili alidai majibu.

"Hunijibu, Mama Mkunde."

"Nakusikia!"

"Sikuambii unisikie, nakuambia unijibu. Mtu akishindwa kuongea, anakimbia huyo. Tusimame. Unywe maji."

Mara nyingi Bi Aikande alitamani kumwacha palepale barabarani na kuku wake. Lakini ukimwacha Mama Nsia ukatangulia, ukifika utakuta amekuja kukaa kwako jioni nzima kukuuliza kwa nini. Basi alijifunza kwenda kwa mwendo ule, akijibu kila neno, na kifua chake kikazoea.

Siku ya kupimwa ilipofika, wote watatu walikwenda naye. Hakuna aliyemwamini mwenzake kubaki peke yake na Bi Aikande hata siku moja.

Msituni mvua iliwakuta. Njia ikawa tope tupu, mizizi inateleza, na mahali fulani palipanda kama ukuta. Bi Aikande alifunga kitenge vizuri, akapanda. Hapo juu walipishana na mgeni aliyekuwa akiteremshwa kwenye machela ya gurudumu moja, kijana wa miraba minne, macho yamelegea, akiita watu ambao hawakuwapo. "Alikuwa anakimbilia mbele ya kiongozi wake," Anaeli alisema. Mkunde alimtazama yule kijana, akageuka kando, na hakusema tena "au uache" njia nzima.

Kituoni baridi ilikuwa ya kung'ata. Watu wazima waliojigamba chini walikaa wamekunja magoti wakitetemeka, nguo zimelowa. Bi Aikande alilala ndani ya matabaka ya Kiwaria, akaamka vidole vina joto.

Asubuhi Anaeli aliwapandisha kilima cha juu ya kituo, penye hewa nyepesi zaidi, ili amalizie kipimo chake. Mama Nsia aliongoza mwendo, akaanza tena habari za kuku. Wenye kiburi waliwapita wakitabasamu, kisha kina Bi Aikande wakawakuta wamekaa kwenye mawe wameshika vichwa. Huko juu Anaeli alimsimamisha mama yake mkubwa, akamtazama machoni.

"Mbuzi wako anaitwaje?"

"Sina mbuzi. Nina ng'ombe, na jina lake halikuhusu."

"Kichwa kizima," Anaeli akasema, na kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani akacheka. "Umefaulu, mama mkubwa. Ila niseme kweli. Bila miguu ile ungebaki kwenye tope. Bila nguo zile ningekuteremsha kabla hakujakucha. Bila mwendo ule na maji yale, sasa hivi ungekuwa unaita watu wasiokuwapo. Ukimtoa yeyote katika hawa watatu, hupandi. Na wote watatu nimewaona, wanaweza kufika. Kwa hiyo sitakuchagulia. Utanipa jina mwenyewe."

Angemchagulia angekuwa amefanya jambo la maana. Sasa tazameni alivyowaacha.

Kiwaria alianza kabla hawajatoka msituni. "Shemeji, mimi na kaka, Mungu amrehemu, tulikuwa wapagazi wa huu mlima. Tulibeba masufuria ya watu, mahema ya watu, mpaka viti vya watu. Kila safari tulifika kambi ya mwisho, wao wakaendelea kileleni, sisi tukabaki kuosha vyombo. Nimekushonea kwa moyo wangu wote, lakini siwezi kukudanganya, kila mshono nilikuwa najishonea na mimi. Uzee unanijia. Nafasi nyingine sitaipata."

"Nililiona koti lako," Bi Aikande akasema kwa ukali.

"Najua uliliona. Ndiyo maana nasema."

Mkunde naye akasimama katikati ya njia, akaanza kulia. "Mama, mimi nilitaka ushindwe. Korongo lile nilikupitisha ili uchoke, uache, ukae nyumbani. Baba alirudi kutoka mlimani na kikohozi, kikohozi hakikutoka, tukamzika. Sikutaka mlima ukuchukue na wewe. Sasa umefaulu kwa mkono wangu mwenyewe. Kama ni lazima uende, sikubali nibaki huku chini nikitazama juu kila asubuhi nisijue uko hai au la. Nichukue mimi. Ukibadilika, nitakujua kabla ya mtu yeyote."

Bi Aikande alitaka kumkumbatia na kumchapa kwa wakati mmoja. Alimgeukia Mama Nsia, akitegemea angalau huyu atasema neno la kuchekesha.

"Mimi sijaomba kitu," Mama Nsia akasema.

"Unataka kupanda au hutaki?"

"Nimesema sijaomba. Nilikuja na maji kwa sababu ulikuwa na kiu. Twende taratibu, panateleza."

Hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Wanaoomba unaweza kuwakatalia, ukanuna, wakanuna, yakaisha. Huyu angerudi kesho na chupa yake ya tangawizi kama kawaida, na Bi Aikande angekunywa kila kikombe akitafuta usoni mwake kama ameumia, na asingeona kitu.

Siku zilizofuata nyumba haikukalika. Kiwaria alipita kuuliza kama koti halibani. Mkunde alileta majani ya ng'ombe bila kuombwa. Mama Nsia alikuja, akamnywesha maji, akasimulia habari za kuku, akaenda zake. Bi Aikande alimfokea ng'ombe. Alimfokea paka. Alifungua mlango wa jiko, akaona Kibo, akaifokea nayo kwa kuwa kubwa kiasi kile na kuwa na nafasi ya mtu mmoja tu.

Hatimaye Anaeli akaja. "Mama mkubwa, jioni hii nataka jina. Na usiniambie utakwenda peke yako, maana sitakupandisha."

Akiwa amemwacha Anaeli na bakuli la mtori, Bi Aikande alichukua kisu, akaenda mpakani mwa shamba lake, palipopandwa masale. Isale mnalijua: lile jani refu la kijani ambalo Mchaga akikuletea mlangoni kukuomba radhi, hata kama hasira imekujaa mpaka kooni, huwezi kumfukuza. Akakata jani moja. Akakata la pili. Akafuta kisu kwenye kitenge, kwa sababu wa kukataliwa ni wawili, hakuhitaji la tatu.

Kisha akasimama njiani na majani yake mkononi. Upande mmoja ni kwa Mkunde, aliyemtengeneza miguu akitaka aanguke. Upande wa pili ni kwa Kiwaria, aliyemtia joto akijiwazia mwenyewe. Ng'ambo ya mfereji ni kwa Mama Nsia, aliyempa pumzi na hakuomba kitu. Jua linateremka, Anaeli amemaliza mtori, na mguu wa Bi Aikande, uliopanda korongo mvua na jua, umekataa kunyanyuka.

Haya, nyinyi mliokuwa mkiguna na kutikisa vichwa tangu nilipoanza, sasa semeni. Majani ni mawili, na milango ni mitatu. Ungekuwa wewe umesimama pale njiani, ni mlango gani usingeupelekea jani?