Kamera ya Marehemu Hoza

Soni ni mji mdogo. Ukipiga chafya sokoni utaombewa afya kule stendi. Kwa hiyo watu watatu wa kisa hiki hawakuwa wageni kwa yeyote.

Fundi Kihiyo alijaliwa masikio. Ukimpelekea redio mbovu haifungui kwanza. Anaiwasha, anainamisha kichwa, anasikiliza, kisha anakwambia inaumwa wapi. Mwantumu, muuza barafu, alijaliwa subira. Hata wanawe sita walishindwa kumkasirisha, na si kwamba hawakujaribu. Ngoda, muuza matunda, alijaliwa kumbukumbu. Hasahau sura, hasahau jina, na wengi wanajuta kwamba hasahau mzaha.

Jirani yao alikuwa Bi Sikudhani, mjane wa Hoza mpiga picha.

Miaka ishirini Hoza alipiga picha za watu wa Soni: ndoa, ubatizo, maulidi, watoto waliofaulu na hata waliofeli. Zote alizihifadhi kwenye kompyuta yake ya mezani, ile yenye kioo cha chogo. Alipofariki, mkewe aliifunika kitambaa cha kufuma, akawa anaifuta vumbi kila Ijumaa bila kuiwasha.

Kisha binti yao Mkunde akaposwa. Siku chache kabla ya harusi alimwendea mama yake jikoni.

"Mama, nataka kitu kimoja tu. Picha ya baba amenibeba. Tuiweke kwenye kiti chake siku ile."

Bi Sikudhani alifungua sanduku la picha. Paa lilikuwa limevuja masika yaliyopita, na picha zote zilikuwa zimegandana kama chapati zilizolala. Basi ikabaki kompyuta. Akaondoa kitambaa, akaiwasha. Ikalia kwa! kwa! kwa! ikazimika. Akajaribu tena, ikazimika upesi zaidi.

Alihisi kama anafiwa na mumewe mara ya pili. Akatoka nje peku, akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye mashine ya kusaga:

"Atakayenirudishia picha za Hoza, kamera yake ni ya kwake!"

Kamera ile ilikuwa ya chuma kizito, na mkanda wake wa ngozi Hoza aliushona mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuazimwa.

Kihiyo alifika wa kwanza. Akaiwasha kompyuta, akainamisha kichwa, akafumba macho.

"Shemeji, diski imechoka, lakini kinachoizima sicho hicho. Haipati umeme wa kutosha. Inalia njaa hii."

Akarudi dukani kwake, akafungua kompyuta yake mwenyewe, ile iliyopiga muziki mtaa mzima tangu asubuhi, akang'oa pawa saplai yake, kile kisanduku cha kuigawia umeme. Duka likawa kimya, watu wakauliza kuna msiba gani. Aliporudi na kuifunga, kioo kikawaka. Bi Sikudhani akapiga vigelegele. Baada ya dakika tano diski ikapata moto, kioo kikaganda.

"Hapo mimi nimefika mwisho," Kihiyo akasema.

Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. "Ikipoa inafanya kazi?" akauliza. "Basi tuipoze."

Siku hiyo ilikuwa ya gulio, siku yake kubwa ya kuuza. Akamwambia Kihiyo aitoe diski nje ya kasha bila kuichomoa nyaya, akailaza juu ya sinia kavu, na chini ya sinia akapanga mifuko ya barafu. Feni akaielekeza hapo. Barafu ikiyeyuka, anabadilisha. Tone likionekana, anafuta kabla halijafika kwenye diski. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana hakuinuka pale chini, na barafu yote ya gulio ikaishia chini ya sinia lile. Diski ikafanya kazi, ila kwa kukokota, kama mzee anayepanda mlima.

Tatizo likawa jingine. Kulikuwa na folda mia tatu na zaidi, na kila moja ilichukua nusu saa na ushee kuingia kwenye flashi. Na majina yake! "Koti la Kuazima." "Meno ya Sikukuu." "Alikuja na Mbuzi." Hoza alimbatiza kila mteja jina lake la siri.

"Tufungue ipi?" Bi Sikudhani akauliza. "Diski hii haifiki jioni."

Wakamwita Ngoda, ambaye zamani alimshikia Hoza taa studio. Akaacha peasi zake juani, akaja, akasoma orodha huku akicheka peke yake.

"Hii hapa, mama. 'Bosi Mdogo.' Ni Mkunde. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha studio, ana miaka sita, anawaamuru wateja wacheke."

Wakaikopi. Mkunde akaitwa, akajiona mgongoni kwa baba yake, wote wawili hawana meno ya mbele kwa sababu zao tofauti.

"Na hii 'Usinipige Sasa'?" Bi Sikudhani akauliza.

Ngoda akamtazama. "Hiyo ni wewe, mama. Si ulikuwa unamwambia hivyo kila siku? Usinipige sasa, sijachana nywele."

Ikafunguka. Alikuwemo humo akipepeta mchele, akigombana na kuku, akisinzia na kibakuli mapajani. Miaka ishirini, na hakuwahi kujua. Alicheka hadi akalia, kisha akalia hadi akacheka. Folda ile ilipomaliza kuingia, diski ikatoa mlio mmoja mrefu, ikanyamaza moja kwa moja.

Harusi ilifana, na kitini pa baba palikuwa na baba.

Siku ya tatu Bi Sikudhani akaweka kamera mezani, akawaita wote.

"Bila umeme wangu, shemeji, ungekuwa unaangalia kioo cheusi," Kihiyo akasema.

"Na mngepata dakika tano tu za kukiangalia," Mwantumu akajibu kwa upole wake. "Niulizeni barafu yangu iko wapi."

"Mngekopi mwenye mbuzi," akasema Ngoda. "Halafu ile ya baba na bintiye, aliyebonyeza ni mimi."

Bi Sikudhani akapendekeza waimiliki kwa zamu. Wote watatu wakakataa kwa pamoja, na hilo ndilo pekee walilokubaliana. Ahadi ilikuwa ya mtu mmoja, na mji mzima uliisikia. Akaitazama kamera, akawatazama wao, akashika tama.

Chai inapoa, nao bado wamekaa wanamngoja. Haya, nyinyi mliosikia yote: mkanda ule wa ngozi mngeuvisha shingo ya nani?