Tisa Walioifunga Kengele

Fundi viatu, jirani wa karani wa mgodi, hudai mpaka leo kwamba jioni ile kengele ya mgodi ililia mara tano, na kwamba watu wa feni ya hewa ndio waliokosea kusikia. Anasema hivyo kwa huruma. Kengele ililia mara nne, kama ilivyotarajiwa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Karani alikaa langoni akihesabu wachimbaji. Feni kubwa iliyopeleka hewa chini ilikuwa nyuma ya kilima, simu hakuna, na nani angepiga kengele mara elfu? Basi walikuwa na desturi yao: unajumlisha tarakimu za hesabu mpaka ibaki tarakimu moja, kisha unapiga hiyo. Asubuhi ile waliingia watu 1,354. Moja na tatu na tano na nne ni kumi na tatu. Moja na tatu ni nne. Akapiga nne, akafuta ubao. Jioni kengele zikilingana na za asubuhi, feni huzimwa kuokoa mafuta.

Mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, alikuwa mmoja wa wachimbaji hao. Wiki chache nyuma, wakila pamoja, alimwonyesha mzee kwamba tisa ni mwizi asiyeacha nyayo: itoe katika namba yoyote kubwa, jumla ya mwisho haibadiliki.

"Tukibaki chini watu tisa, baba, kengele yako itasema tumetoka wote."

"Mbaki tisa kamili, si wanane wala kumi? Kwani mna miadi na mauti?"

Walicheka mpaka binti akapaliwa. Hata hivyo karani alijua kijana amesema kweli. Aliahidi kupanda kilima awaambie watu wa feni wasizime tena kabla ya kuletewa namba nzima. Lakini kilima kilikuwa kirefu, na magoti yake hayakukosa udhuru. Kesho ikazaa kesho.

Jioni ile wakatoka watu 1,345. Moja na tatu na nne na tano ni kumi na tatu, nne. Namba ya asubuhi ilikwishafutwa, kichwani imebaki nne tu. Akapiga nne, roho kwatu. Nyuma ya kilima feni ikanyamaza.

Jua halijazama, binti akafika langoni kusema mumewe hajarudi.

"Hesabu imekubali, mwanangu. Atakuwa kapitia kwa rafiki zake. Nenda nyumbani."

Akaenda, kwa kuwa tangu utotoni hakuwahi kuona hesabu ya baba yake ikikosea.

Alfajiri zamu mpya ilikuta njia ya mbali imezibwa na mawe yaliyoporomoka. Walipoyaondoa, waliwaona tisa wale wamelala wakibanana, vinywa vimeelekea bomba la hewa. Hakuna aliyekuwa na jeraha, wala pumzi.

Karani aliketi chini, akirudia namba zake kama mgonjwa wa homa. Binti akachuchumaa mbele yake. Hakulia wala hakumtukana.

"Namba nimezisikia, baba. Sasa nitajie majina yao. Anza na yeyote."

Mzee akaanza kuhesabu vidole vyake, moja hadi tisa. Watu waliosimama pale wakaangalia chini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na upo ukuta ambao, ukishaanguka, haujengeki tena.